Idadi ya wapenzi inatuambia nini kuhusu VVU, na inatuficha nini

Karibu kila dodoso la VVU linalopelekwa nyumba kwa nyumba lina swali hili: "Katika miezi 12 iliyopita umefanya ngono na watu wangapi?" Mhojiwa anataja namba, mhojaji anaiandika, na mwishowe majibu yanagawanywa mafungu: hakuna, mmoja, wawili, watatu na kuendelea. Kinachofuata ni kulinganisha maambukizi ya fungu hili na lile. Mara nyingi tofauti huonekana, na hapo ndipo inapotoka hukumu kwamba wapenzi wengi ni kihatarishi kikuu. Hukumu hiyo si uongo. Ila swali linamhesabu mhojiwa peke yake, ilhali virusi vinatoka kwa yule aliyelala naye, na huyo hakuulizwa kitu.

Tupige hesabu ndogo. Mtu wa kwanza amekuwa na wapenzi 10 kwa mwaka, katika jamii ambayo mtu 1 kati ya 100 ana virusi. Tukichukulia kwamba amewapata bila mpangilio wowote, uwezekano wa angalau mmoja wao kuwa na VVU ni asilimia 9.6. Mtu wa pili ana mpenzi mmoja tu na ametulia naye, lakini anaishi katika jamii ambayo watu 20 kati ya 100 wana virusi. Kwake uwezekano ni asilimia 20, zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Kwenye jedwali la utafiti, wa kwanza ataingizwa kwenye "hatari kubwa" na wa pili kwenye "hatari ndogo".

Kukutana na mwenye virusi bado si kuambukizwa. Makadirio yanayotumika sana, kwa kila matendo 10,000 yasiyo na kinga na mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa, ni haya: katika ngono ya ukeni, mwanamke huambukizwa mara 8 na mwanamume mara 4, katika ngono ya njia ya haja kubwa, anayeingiliwa huambukizwa mara 138 na anayeingilia mara 11. Kuchangia sindano ya kujidunga ni mara 63. Kuongezewa damu yenye virusi ni zaidi ya mara 9,000, na ndiyo maana damu hupimwa kabla ya mgonjwa kuongezewa.

Namba hizi zina mitego miwili. Wa kwanza ni kuona 8 kati ya 10,000 kuwa kitu kidogo. Kwa tendo moja, ndiyo. Kwa matendo 100, mkusanyiko unafika asilimia 7.7, na wenza wanaoishi pamoja hawahitaji muda mrefu kufika huko. Mtego wa pili ni kudhani kwamba wastani unamhusu kila mtu kila siku. Huko Rakai, Uganda, watafiti waliwafuatilia wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana. Wakakuta kwamba katika miezi miwili na nusu hivi baada ya mtu kuambukizwa, uwezekano wa kumwambukiza mwenzake kwa tendo moja ulikuwa kama 82 kati ya 10,000. Kwa walioishi na virusi kwa muda, ulikuwa kati ya 7 na 15. Yaani mtu huambukiza kwa nguvu zaidi wakati ambapo yeye mwenyewe hajijui, na pengine kipimo cha kawaida nacho bado hakimwoni. Magonjwa ya ngono yenye vidonda, hasa malengelenge ya sehemu za siri, yanasukuma namba hizo juu tena.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Upande mmoja unasema tabia ndiyo mzizi, kwa hiyo pambana na tabia. Upande wa pili unasema tabia imekuzwa kupita kiasi, na kwamba baiolojia na mazingira ya mtu vinaeleza zaidi. Kila upande una ushahidi mzito.

Wanaoshika tabia wana Zimbabwe mkononi. Kati ya 1997 na 2007 kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kilishuka kutoka takriban asilimia 29 hadi 16. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho dawa za ARV hazikuwa zimeenea, wala hapakuwa na kampeni kubwa ya tohara. Ni kweli kwamba kiwango hushuka pia watu wanapokufa, na walikufa wengi. Lakini vifo peke yake havitoshi kueleza kushuka kule. Uchambuzi uliofanywa baadaye ulipata sababu kubwa kuwa kupungua kwa wapenzi wa nje ya ndoa, na kilichosukuma watu ni kuona ndugu na majirani wakizikwa, pamoja na kipato kuporomoka. Uganda ilishuka pia miaka ya 1990, kabla ya vidonge kufika. Anayesema kwamba tabia haina uzito ana deni la kueleza kushuka huko.

Wa upande wa pili wanaleta utafiti wa miji minne uliochapishwa 2001: Cotonou ya Benin, Yaoundé ya Kamerun, Kisumu ya Kenya na Ndola ya Zambia. Miwili ya mwanzo ilikuwa na maambukizi ya chini, kati ya asilimia 3 na 8 hivi. Miwili ya mwisho ilikuwa juu sana: kiasi cha asilimia 20 na zaidi kwa wanaume, na kama 30 kwa wanawake. Ungetegemea watu wa Kisumu na Ndola waonekane wenye wapenzi wengi kuliko wengine. Haikuwa hivyo. Waliobadilisha wapenzi kwa kasi kubwa zaidi walikuwa wa Yaoundé. Kilichotenganisha miji kwa uwazi zaidi ni tohara ya wanaume, iliyokuwa karibu kwa wote kule kwenye maambukizi ya chini, na malengelenge ya sehemu za siri. Baadaye majaribio matatu, la Orange Farm huko Afrika Kusini (2005) na ya Kisumu na Rakai (2007), yakathibitisha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Nusu iliyobaki ya habari hiyo husahaulika: tohara haimkingi moja kwa moja mwanamke anayelala na mwanamume mwenye virusi.

Kisha kuna matokeo yanayouma zaidi kwa watu wa elimu ya tabia. Mradi wa MEMA kwa Vijana, Mwanza, ulifundisha vijana katika jamii 20 zilizogawanywa kwa kura, nusu zikipata huduma na nusu zikisubiri. Ujuzi ulipanda. Majibu ya vijana kuhusu mitazamo na tabia zao yakawa mazuri, hasa ya wavulana. Damu ilipopimwa, maambukizi ya VVU hayakutofautiana. Ufuatiliaji wa miaka ya baadaye ukatoa jibu lilelile. Kuna njia mbili za kusoma matokeo hayo: ama vijana walibadili majibu bila kubadili mwenendo, ama walibadili mwenendo kidogo ambao haukutosha kwa mtu anayechagua mpenzi mahali penye virusi vingi. Naona zote mbili zilichangia. Watafiti wa Mwanza walilinganisha pia njia kadhaa za kuwauliza vijana na kukuta majibu yanapishana, hadi wapo wasichana waliosema hawajawahi kufanya ngono huku vipimo vya mimba au ugonjwa wa ngono vikisema vingine. Yeyote anayejenga jedwali la vihatarishi juu ya majibu ya mdomo anapaswa kuikumbuka Mwanza kila anapoandika sehemu za desimali.

Tukiwaangalia kwa karibu, wabishi hawa wanajibu maswali mawili tofauti. Wa kwanza anauliza: ndani ya jamii hii, kwa nini Juma ameambukizwa na Ali hajaambukizwa? Hapo idadi ya wapenzi itajitokeza karibu kila mara. Wa pili anauliza: kwa nini jamii ya Juma na Ali ina maambukizi mara saba ya jamii ile nyingine? Kihatarishi kinachowagusa wote kwa kiwango kilekile, kama jamii nzima isiyotahiri, hakiwezi kuonekana ukilinganisha watu wa ndani, kwa kuwa hakuna wa kumlinganisha naye. Mtaalamu wa magonjwa Geoffrey Rose alilieleza jambo hili mwaka 1985 akizungumzia shinikizo la damu, na linakaa vizuri kwenye VVU.

Kutoka kwake pia unapata hesabu inayowachanganya wapanga bajeti. Chukua mfano wa kubuni. Tabia fulani inaongeza hatari mara 10, lakini inafanywa na asilimia 2 ya watu tu. Tabia nyingine inaongeza hatari mara 1.5, na inafanywa na asilimia 60. Ukiiondoa ya kwanza kabisa unazuia takriban asilimia 15 ya maambukizi. Ukiiondoa ya pili unazuia asilimia 23. Ile ya kwanza itapata vichwa vya habari. Ya pili, ambayo inaweza kuwa ndoa ya kawaida ambayo hakuna aliyepima, itapita kimya. Lakini usiichukue kama ruhusa ya kuyaacha makundi madogo. Kwanza ni haki yao kuhudumiwa. Pili, fomula hii huchukulia kwamba maambukizi ya mtu mmoja hayamhusu mwingine, jambo ambalo kwa shinikizo la damu ni kweli na kwa VVU si kweli. Maambukizi yaliyoanza kwenye sindano ya kuchangia yanaweza kuishia kwa mke ambaye hajui hata sindano hiyo inafananaje.

Mchepuko unastahili nafasi yake, kwa sababu hapa makosa ya hesabu ni mengi. Hoja kwamba wapenzi sambamba, yaani wa wakati mmoja, hueneza VVU zaidi ni ya mpangilio wa wakati. Mtu mwenye wapenzi wawili mmoja baada ya mwingine, Januari hadi Juni wa kwanza, Julai hadi Desemba wa pili, hawezi kumrudishia wa kwanza virusi alivyopata kwa wa pili. Akiwa nao wote kwa pamoja, njia inafunguka pande zote mbili, na zile wiki za mwanzo zenye virusi vingi zinamkuta mtu mwingine papo hapo. Idadi kwenye dodoso ni ileile, wawili. Sasa angalia nani anabeba hatari. Ukiwa na wapenzi wawili sambamba, kwako ni sawa tu na kuwa nao mmoja baada ya mwingine. Kinachoongezeka ni hatari ya wapenzi wako. Kwa hiyo utafiti unaomuuliza mtu kuhusu michepuko yake kisha ukapima damu yake mwenyewe unatafuta ufunguo chumba cha jirani. Ilitakiwa ipimwe damu ya mwenza.

Hata hivyo, wakosoaji wa hoja hii hawana maneno matupu. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, utafiti wa 2011 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 7,000 na kuangalia wanaume wa eneo wanaloishi. Mwanamke aliyeishi mahali ambapo wanaume walikuwa na wapenzi wengi maishani aliambukizwa zaidi. Mahali ambapo wanaume wengi walikuwa na wapenzi sambamba, tofauti haikuonekana. Hoja ya mpangilio wa wakati ni sahihi kimantiki. Ukubwa wa mchango wake kwenye janga halisi ndio haujathibitika kama kampeni za "acha mchepuko" zilivyodai. Mimi ningeiacha kampeni hiyo, lakini si kwa sababu ni ya uongo. Inamfundisha mke kwamba akitulia yeye, amepona.

Kondomu ni mfano mzuri wa jinsi takwimu za jamii nzima zinavyoweza kugeuka kichwa chini. Katika tafiti kadhaa, waliosema wametumia kondomu wanakutwa na VVU sawa au zaidi ya wasiotumia. Asiyejua atasema kondomu hazifai. Kumbe watu huvaa kondomu na yule wanayemshuku na kuiacha kwa yule wanayemwamini, na wengine wameanza kuvaa baada ya kujua wana virusi. Ukiwachukua wenza ambao mmoja ana VVU, ukalinganisha wanaotumia kila mara na wasiotumia kamwe, maambukizi hupungua kwa takriban asilimia 80. Rakai, kwenye watu wa kawaida, upungufu kwa watumiaji wa kila mara ulikuwa asilimia 63, na watumiaji wa "mara nyingine" hawakuwa na nafuu yoyote iliyoonekana. Pengo kati ya 80 na 63, na kati ya 80 na 100, limejaa mambo ya mikono: kondomu kuvaliwa tendo likiwa limeshaanza, au kuvuliwa kabla halijaisha, hewa kuachwa kwenye chuchu ya mbele mpaka mpira unapasuka, mafuta ya mgando kupakwa juu ya mpira wa lateksi na kuudhoofisha ndani ya dakika chache, ilhali kilainishi cha maji kingefaa, kuvaa mbili kwa wakati mmoja zikasuguana, kuchomoa uume uliokwisha kulegea bila kushika shina la kondomu, nayo ikabaki ndani. Dodoso linaandika "alitumia: ndiyo".

Pombe nitaipita haraka. Tafiti za Afrika zilizounganishwa mwaka 2007 zilionyesha wanywaji wakiwa na uwezekano wa kuwa na VVU wa takriban mara 1.7 ya wasiokunywa. Sehemu yake ni ulevi wenyewe kuondoa tahadhari. Sehemu nyingine ni kwamba anayependa kujaribu hili hujaribu na lile. Kinachoweza kutumika papo hapo ni kwamba pombe huharibu pia ratiba ya kumeza dawa.

Tofauti ya umri imegawanya hata watafiti wa mkoa mmoja. KwaZulu-Natal tena: mwaka 2017, uchambuzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha kwamba wanawake wa chini ya miaka 25 walihusishwa na wanaume waliowazidi kwa wastani wa miaka 8.7. Lakini utafiti wa 2014 uliowafuatilia wanawake wa hukohuko, wa miaka 15 hadi 29, haukukuta kwamba kuzidiwa umri na mwenza kunaongeza maambukizi. Namna moja ya kuyapatanisha ni kuacha kuhesabu pengo na kuuliza umri wenyewe wa mwanamume. Wanaume wa miaka ya mwisho ya ishirini na ya thelathini ndio wenye virusi vingi visivyotibiwa. Binti wa miaka 19 na mwanamume wa 27 wana pengo sawa na mwanamke wa miaka 47 na mume wa 55, na hatari yao haifanani hata kidogo.

Je, ngono ya kupewa fedha ni tabia au ni umaskini? Zomba, Malawi, wasichana wa shule ambao familia zao zilipewa fedha kila mwezi walikutwa na VVU asilimia 1.2 baada ya mwaka mmoja na nusu, dhidi ya asilimia 3.0 kwa wasiopewa. Wengi walitangaza ushindi. Jaribio la vijijini Afrika Kusini, ambako fedha zilitolewa kwa sharti la kuhudhuria shule, halikuona tofauti ya maambukizi mapya kati ya waliopewa na wasiopewa, ingawa waliobaki shuleni, wawe wamepewa au la, waliambukizwa kidogo kuliko walioacha. Fedha hufanya kazi pale zinapobadili kitu: kama karibu wote walikuwa wanahudhuria shule tayari, sharti la kuhudhuria halina la kusukuma.

Kilichobadili mjadala wote ni dawa. Mtu mwenye VVU anayemeza ARV mpaka virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi mwenza wake kwa ngono; katika utafiti wa PARTNER2 uliochapishwa 2019, wenza wa kiume walifanya ngono bila kondomu zaidi ya mara 76,000 na hakuna hata maambukizi moja yaliyotoka kwa mwenza aliyekuwa kwenye dawa. Rakai tena, kati ya 1999 na 2016, maambukizi mapya yalishuka kwa asilimia 42 huku ARV na tohara zikienea, na tabia za ngono kwa ujumla hazikubadilika sana, isipokuwa vijana kuchelewa kuanza. Hapa upande wa baiolojia hushangilia mapema mno. Kumeza kidonge kila siku ni tabia. Kurudi kliniki ni tabia. Kumeza PrEP, dawa ya kinga kwa asiye na virusi, ni tabia, na majaribio ya vidonge hivyo yaliyoshindwa kwa wanawake yalishindwa hasa kwa sababu damu ilionyesha hawakuvimeza. Sindano ya kinga ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 2,000 na mwaka 2024 ikaripotiwa kwamba hakuna aliyeambukizwa; sehemu kubwa ya ushindi huo ni kumpunguzia mtu maamuzi 365 ya mwaka yakabaki mawili.

Kwa hiyo dodoso la leo lingepaswa kubadili maswali yake. Badala ya kuishia na idadi, liulize: mpenzi wako wa mwisho alipima lini, na ulijuaje? Kama ana virusi, kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilisema nini? Na wewe ulipima siku ngapi baada ya ngono ya mwisho isiyo na kinga? Swali hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hutafuta kingamwili, nazo huchukua siku 23 hadi 90 kuonekana. Kipimo cha maabara kinachotafuta pia protini ya kirusi huona kati ya siku 18 na 45. Mtu aliyefika kituoni ndani ya saa 72 angeweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi za siku 28. Aliyekuja siku ya 12, akatobolewa kidole, akapewa jibu "hasi" bila kuambiwa arudi, anatoka na karatasi mkononi. Anamwonyesha mpenzi mpya, wanaacha kondomu. Kama aliambukizwa, yuko ndani ya zile wiki za 82 kati ya 10,000. Na kwenye jedwali la utafiti ameandikwa: mpenzi mmoja, amepima, anajua hali yake.